Usiombe likizo ya kupanga nyumba

Buruburu, Nairobi
Jumatano jioni

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Goti lake linaendelea vizuri, siku hizi anafika kwa mama mboga na kurudi bila fimbo.

Nimekaa na yale uliyoniambia jana kwa simu. Kwamba nyumba imekushinda. Kwamba mtoto ameanza kutambaa na hapo Kasarani huna pa kumweka sakafuni ila kale kanafasi kati ya kochi na meza. Kwamba utaomba likizo ya siku mbili, umlete mtoto kwangu, ukodishe pikapu, utoe kila kitu nje mara moja mpaka yaishe. Mtoto mlete wakati wowote, huhitaji kuniomba. Lakini likizo hiyo usiombe. Sikutaka tubishane naye akilia mgongoni mwako, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unachotaka kufanya nilishakifanya. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2015, wiki chache baada ya matangazo ya analogi kuzimwa na baba yako kuja na kile kisanduku cha dijitali. Wewe ulikuwa bwenini. Tulitafuta pa kukiweka juu ya meza ya televisheni tukakosa hata nafasi ya kiberiti. Nikasema, Jumamosi natoa vyote. Saa mbili asubuhi nikaanza na stoo ya chini ya ngazi, saa sita ua wote ulikuwa umejaa, na saa tisa nilikuwa nimekwisha. Mikono ilikuwa bado na nguvu. Kilichokuwa kimeisha ni uwezo wa kuamua. Maana kila kitu unachoshika kina swali lake: kinafanya kazi? Ni cha nani? Nitakihitaji? Nani alinipa, na ataniuliza? Asubuhi nilikuwa nayajibu maswali hayo moja moja. Jioni nilikuwa sijibu tena, narusha tu, na wingu jeusi lilikuwa limeshuka upande wa Donholm. Palikuwa na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Sikulifungua. Nilimpa kijana wa mkokoteni pamoja na magazeti.

Ndani ya boksi lile ndimo ilimokuwa kadi yako ya kliniki.

Mwaka jana ulipojifungua uliniuliza wewe ulizaliwa na kilo ngapi, nikakujibu "tatu na kitu." Ukweli, mwanangu, sikumbuki. Kadi ndiyo iliyokuwa ikikumbuka, na zile nukta za kalamu ya buluu ambazo nesi alikuwa akiziweka kila mwezi kwenye mstari unaopanda. Mwezi uliougua surua ya watoto nukta ilishuka, mwezi uliofuata ikapanda tena. Hilo nalikumbuka. Kilo zako sizikumbuki, na nisamehe kwa hilo.

Vile vitu vingine vilivyokuwa uani vilinyeshewa. Tukavirudisha mbio ndani, vimelowa, popote palipopatikana, na kabla mwezi haujaisha stoo ilikuwa inanuka ukungu. Tulitoa jasho siku nzima tukarudi nyuma ya pale tulipoanzia.

Sasa nikuambie ninavyofanya tangu nistaafu. Nikibandika maji ya chai, nafungua droo moja. Moja tu. Au rafu moja, au mfuko mmoja. Chai ikiiva naacha, hata kama mkono bado una hamu. Sitoi nje kitu ambacho siwezi kukirudisha kabla chai haijachemka, kwa hiyo nyumba yangu haijawahi kulala imepinduliwa. Kwako mwenye mtoto mchanga hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana ataamka katikati ya kazi na utaacha kila kitu kilipo. Ukiacha droo moja wazi haidhuru. Ukiacha chumba kizima kimemwagwa, atakuwa ametia kinywani kitu kabla hujafika.

Kwa sababu hiyo anza na dawa. Najua unaziweka kwenye ile droo ya chini kando ya kitanda, na hiyo droo sasa iko usawa wa mikono yake. Zipandishe juu leo usiku, kabla ya kupanga chochote. Kisha siku nyingine utazame tarehe. Mimi nilikuta chupa tatu za dawa ya kikohozi, zote zimefunguliwa, na nusu dozi ya antibiotiki ambayo baba yako aliiacha alipopata nafuu. Nusu dozi usimwekee mtu yeyote kwa ajili ya siku nyingine. Zilizopitwa na wakati usizimwage chooni wala kuzitupa wazi kwenye pipa ambalo watoto wa jirani wanachezea. Uliza duka la dawa unaponunulia kama wanazipokea.

Droo ya dawa ni rahisi pia kwa sababu haina machozi. Ndiyo maana picha, barua na nguo za marehemu shosho nimeziacha mwisho kabisa, na wewe ufanye hivyo. Anza na vitu ambavyo jibu lake unalijua. Jicho huzoea kuamua kama vile mkono unavyozoea kusokota chapati, na ukifika kwenye vile vigumu utakuwa umeshaiva.

Jikoni nilikuta juala la plastiki limejaa majuala. Ya zamani yale, ya rangi, tuliyokuwa tukipewa kila dukani kabla ya kupigwa marufuku Agosti 2017. Nilikuwa nimeyahifadhi miaka yote hiyo kana kwamba yatarudi kuwa halali! Ukitaka kujua nyumba inajaaje, tazama hapo. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kuweka mia mbili. Niliweka moja, kesho moja, na kila moja lilikuwa na sababu yake nzuri. Ndivyo na yale mabati ya biskuti, vifuniko visivyo na mikebe na mikebe isiyo na vifuniko. Vitu viliingia hivyo kidogo kidogo, navyo hukubali kutoka kwa mwendo uleule.

Risiti. Hapa nilijifunza kitu. Nilikuwa na bahasha nene ya risiti za miaka kumi, zimepangwa kwa mwaka, nikajisifu kabla ya kuifungua. Karibu zote zilikuwa nyeupe pe. Zile karatasi laini za mashine hazina wino, maandishi yake hutokezwa na joto, na kadiri miaka inavyopita hufifia mpaka yanapotea. Nilikuwa nimetunza karatasi tupu. Kwa hiyo ukinunua kitu chenye dhamana, piga risiti picha siku ileile. Na kama bado unauza keki zako wikendi, hesabu na risiti za biashara ziweke miaka mitano, ndivyo sheria ya kodi inavyotaka. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vyako vya shule na kadi yake ya kliniki viwe kwenye faili moja, na faili hiyo mume wako aijue ilipo.

Maboksi ya katoni usiyalimbikize hata kama ni mazuri. Mende wanayapenda kupita kiasi, wanajificha kwenye yale mawimbi ya ndani, na unaweza kuwaleta nyumbani kutoka dukani bila kujua. Tena usisukume nguo na mabegi mpaka ukutani. Nyumba yako iko chini na ukuta wa nyuma unaloa masika. Acha upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta hewa ipite. Ile nepi uliyoniambia ina madoadoa meusi yasiyotoka, hiyo ni ukungu tu, na imetokea kwa sababu imebanwa.

Simu za zamani na chaja ulizoacha hapa ziko sita. Moja betri yake imevimba mpaka kifuniko kimeachana. Nimeiweka nje kwenye kopo, mbali na jua, na sitaki mtu aibonyeze wala aitie moto pamoja na takataka, maana betri ya namna hiyo inaweza kulipuka moto. Kule Utawala kuna kituo kinachopokea taka za umeme. Siku kaka yako akija na gari atazipeleka zote pamoja na ile televisheni ya mgongo.

Nguo ndogo za mtoto ndizo zitakazokuliza, najua. Weka tatu: ile ya siku mlipotoka hospitali, na mbili utakazochagua mwenyewe. Nyingine zitoe zikiwa bado na nguvu, kuna mtoto anayezaliwa wiki hii mtaa wa pili. Sweta ikikaa miaka mitano kwenye begi, lastiki hulegea na haitamfaa yeyote. Za kwako za kabla ya mimba, uliza moyo wako bila kuuharakisha. Wale akina mama wa malimali wakipita, kuwa macho. Nawapenda, kazi yao ni ngumu na nguo zetu zinawafikia watu wanaozihitaji, lakini wanabadilishana kwa beseni, na wewe beseni unazo. Mwezi wa tatu nilitoa viatu jozi nne nikarudi ndani na karai, nikakaa nalo mapajani nikitafuta pa kuliweka. Sasa naomba kijiko cha mbao, au nawapa tu.

Na vinavyokwenda takatakani, vifunge kwa huruma. Taka zetu mwisho wake ni Dandora. Jalala lile limekuwepo tangu 1975, lilitangazwa kujaa 2001, na hadi leo magari yanamwaga na watu wanachambua kwa mikono yao. Glasi iliyovunjika izungushie gazeti mara mbili na uiandike juu. Kuna mkono wa mtoto wa mtu utakaoifungua.

Jambo moja nakuomba kwa uzito. Vitu vya mume wako usiviguse. Hata zile waya. Hata viatu vya mpira ambavyo hajacheza navyo tangu mfunge ndoa. Mimi niliuza redio ya baba yako ile Jumamosi, nikidhani imekufa. Hakunigombeza, aliingia tu chumbani akakaa. Ilikuwa ya baba yake. Maliza droo zako kwanza, akiona upande wako unapumua atauliza mwenyewe. Baba yako ilimchukua miezi minne, kisha asubuhi moja nikamkuta sakafuni na magazeti yake, anachambua, chai imepoa kando.

Chai hiyo ilikuwa kwenye kikombe cha kabatini. Vile sita vyenye maua ya samawati, tulivyopewa kwenye harusi. Miaka yote imepita nikivifuta vumbi kila Ijumaa, na vimetoka kwenye kabati la vioo mara mbili: siku ulipobatizwa, na siku wazee walipokuja kwa mambo ya mahari yako. Nilipofika kwenye rafu ile nilibandika maji, nikavitoa vyote, nikavipanga mezani na nikashindwa kujibu swali lolote. Kuvigawa siwezi. Kuvirudisha nyuma ya kioo nako moyo ulikataa. Basi nikamimina chai ndani ya kimoja, nikampelekea baba yako kibarazani. Akakitazama, akanitazama, akauliza kama kuna mgeni. Nikamwambia hakuna mgeni. Tangu siku hiyo tunavitumia, na vile vya plastiki ndivyo vimetoka. Kimoja kimeshavunjika mkono. Nimekiweka dirishani na mche wa dania ndani yake.

Nusu saa hii nimeandika, droo ya leo bado. Ni ile ya mkebe wa funguo. Nimezihesabu juu juu, ni ishirini na tatu, na kufuli humu ndani ninazozijua ni tano. Sitaki kurudia kosa la boksi la viatu. Kuna mmoja mdogo wa shaba, umefungwa uzi mwekundu wa sufu, na fundo lake linafanana na mafundo yako ya utotoni. Ni wa sanduku lako la bweni? Sanduku lenyewe bado liko juu ya kabati na limefungwa. Nijibu kabla ya Ijumaa, au uje naye mtoto Jumapili ulifungue mwenyewe.

Mimi mama yako anayekupenda.