Barua kwa Mwanaidi: Saidi na sigara

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua na fimbo bado hataki kuishika. Ningekupigia simu, ila sauti yangu unaijua, shemeji angesikia kila neno hata akiwa uani. Na hili sitaki alisikie kutoka kwangu.

Saidi anavuta sigara.

Nimejulia kwenye pipi kifua. Mtoto hana mafua wala kikohozi, lakini kila suruali nikifua mfukoni mna maganda ya pipi kifua. Halafu manukato, anajimwagia kama bwana harusi. Jumamosi nikamwita, nikamshika mkono, nikamnusa vidole. Hata hakubisha.

Kila ninayemwambia ana jibu moja: makundi. Sharifa, makundi. Mwalimu wake, makundi. Haya, yapo. Kile kijiwe cha bodaboda pale kona unakijua, asiyevuta pale wanamwita mtoto wa mama. Lakini kuwasha hakufundishwa kijiweni. Marehemu babu yake, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimtuma: "Niletee moja, uje umeshaiwasha." Wakati ule yuko darasa la tatu! Anarudi nayo inafuka, kashaivuta njiani isizimike, na baraza zima linacheka. Ami Bakari naye hivyohivyo. Binti yangu Zuhura angeonekana na sigara, mtaa mzima ungekuja kunipa pole. Saidi wanasema amekua.

Nikaenda hadi dukani. Pakiti ina sigara 20, mtoto wa shule hela hiyo ataitoa wapi? Lakini pale zinauzwa moja moja, hela ya andazi inatosha, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani, mteja anajiwashia mwenyewe. Kamba yenyewe ndefu, wa darasa la nne anaifikia bila kunyanyua kisigino. Nikamwuliza mwenye duka, sheria ya 2003 huijui, kwamba aliye chini ya miaka 18 hauziwi? Akanijibu, "Mama, nitajuaje? Wengine wametumwa." Nikakosa la kusema, kwa sababu kweli wametumwa.

Muuguzi mmoja, jirani ya Sharifa, kaniambia nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na ubongo wa umri ule bado unakua, ndiyo maana vijana hunasa upesi. Saidi ana miaka 16 na anasema ataacha siku akitaka. Baba yake aliniambia hivyohivyo mwaka tuliooana, na jana nimemwaga kisahani chake cha majivu.

Sasa ombi. Likizo ya Juni nataka nimlete kwako Bagamoyo, akae mbali na kijiwe na dirisha lile. Atashukia Msata, hapo gari za kwenu hazikosi. Tatizo ni shemeji. Nampenda, unajua, lakini yule sigara haimtoki mdomoni, na mtoto akikaa karibu tu atatumwa. Sikuombi umwachishe, hilo umelijaribu wewe na mama mkwe wako na mkashindwa. Naomba asimtume tu. Pakiti asiiache mezani, na avutie huko pwani kwenye ngalawa zake. Mwambie... sijui umwambieje, asione namsema.

Utamwambia wewe, au nimtume Bakari? Lakini Bakari mwenyewe si ni walewale! Shemeji bado anakasirika akiguswa jambo hilo? Na Hamza, aliacha kweli au anakuficha? Alifanyaje, na anaweza kukaa na Saidi jioni moja wakazungumza wenyewe kwa wenyewe? Chumba cha uani kina mtu? Nijibu kabla shule hazijafungwa nimkatie tiketi mapema, unajua basi zinavyojaa.

Wako,
Mwanahamisi