Kwenye dodoso kuna mistari ya majibu yangu, ya maswali yangu iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako huku mlimani Mgeta hunifikia kwa kuchelewa, na mara nyingi linakuja limefungia maandazi. Ndivyo nilivyoisoma habari ya wakuu wa vyuo vikuu viwili, kimoja cha hapa nchini na kimoja cha Ulaya, wakitia saini hati ya makubaliano ya kushirikiana kupunguza umaskini vijijini. Mafuta yalikuwa yamekula majina ya vyuo, kwa hiyo nawapongeza bila kuwataja. Picha ilibaki nzima: watu sita wa suti, kalamu mbili, maua mezani. Nikajisemea, hawa wakishamaliza kupiga picha watakuja kwangu.

Si majivuno. Kwangu watafiti wamekwisha kuja mara tatu, na kwa jirani yangu wa chini mara tano. Kijiji chetu hakiko mbali sana na Morogoro mjini, kina ubaridi mzuri, kina kabeji na njegere za kupigia picha, na kina mbuzi wa Kinorwe. Mtafiti gani atatupita?

Nianze na shukrani, maana sikuandika kutukana mtu. Mbuzi hawa wasingekuwepo kama vyuo visingeshirikiana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro kilipata kusimama chenyewe mwaka 1984. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tayari Wanorwe walikuwa wanakisaidia tangu miaka ya 1970. Wataalamu wa SUA na wenzao wa chuo cha kilimo cha Ås, kule kusini mwa Oslo, ndio waliotuletea mbuzi wa maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Walichagua mahali pake. Ng'ombe kwenye miteremko yetu ni taabu tupu, lakini mbuzi wa Kinorwe akifika Uluguru akakuta ukungu na manyunyu, anajiona yuko kwao.

Mama yangu alimpata wa kwanza kwa jirani, kwa ahadi ya kurudisha mtoto jike wa kwanza. Alimjengea banda la kuinuliwa, sakafu ya miti iliyoachiana nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Kinyesi hicho tulikibeba kichwani kupeleka kwenye matuta ya kabeji, na maziwa yakaingia kwenye chai ya watoto ambao kabla ya hapo walikunywa ya rangi. Leo jike wangu mzuri ananipa lita moja na nusu kwa siku. Mbuzi wetu wa asili alikuwa na maziwa ya mwanawe tu, na pengine hata huyo hayakumtosha.

Wazee wa huku waliwahi kuletewa maendeleo ya namna nyingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milima yote, watu wakakataa, na mwaka 1955 zikatokea ghasia hadi mradi wenyewe ukafa. Mbuzi hakuna aliyelazimishwa. Watu walimwona kwa jirani, wakamtaka.

Sasa nije kwenye kilio changu. Kilio chenyewe kina pembe, au niseme hakina.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na dume moja na majike matatu, wote wasio na pembe tangu kuzaliwa. Niliwachagua hivyo makusudi. Mbuzi asiye na pembe hamuumizi mtoto anayempelekea majani, wala hapigani bandani. Nikaanza kupata watoto wa ajabu. Ukimtazama unasema ni jike, akikua anaanza kunuka na kupanda wenzake kama dume, chuchu hazikui, hashiki mimba. Wengine walisema nimerogwa. Huntha, yaani asiye dume wala jike, wa kwanza niliuza kwa mchinjaji, wa pili vilevile, wa tatu nikalia.

Katikati ya msimu huo ndipo alipokuja mwanafunzi wa chuo kimoja, wa shahada ya uzamili, kwenye mradi wa ushirikiano na chuo cha ng'ambo. Kijana mwenye adabu. Aliamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akanisomea fomu ya ridhaa, nikatia saini. Akafungua kishikwambi. Maswali yalikwenda saa moja na dakika arobaini. Najua kwa sababu maharage yangu yaliungua. Akauliza nina mbuzi wangapi. Nikampeleka bandani akawahesabu kwa macho yake: dume 1, majike 3. Akauliza wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi, nimeuza wangapi, kwa bei gani. Nikamweleza habari ya hao huntha. Akasema, "Pole sana mama." Akaandika "wameuzwa 2". Nikamuuliza, mwanangu, hii inasababishwa na nini? Akatazama kishikwambi, akasema hiyo haimo kwenye sehemu yake, yeye anaangalia masoko. Akanipa sabuni mche mmoja na asante. Akashuka.

Nilikuja kuambiwa sababu miaka miwili baadaye, na afisa mifugo mpya aliyepita kwa bodaboda kuchanja. Alitupa jicho bandani hata kofia hajavua, akacheka. "Mama, mbona wote vipara? Tafuta dume lenye pembe." Akanifafanulia kwamba kwa mbuzi wa maziwa wa asili ya Ulaya, dume asiye na pembe akimpanda jike asiye na pembe, baadhi ya majike wanaozaliwa wanakuwa huntha. Mmoja kati ya wazazi akiwa na pembe, shida hiyo haipo. Nikamuuliza kama ni jambo jipya. Akasema ni la zamani sana, limo kwenye vitabu vya shule.

Ndugu Mhariri, hebu nitafakari na wewe hapo. Elimu ya kuniokolea majike matatu ilikuwa tayari iko duniani. Ilipanda mlima kwa gari la mradi na posho ya mradi, kama si kichwani mwa kijana yule, basi kwa mwalimu wake ambaye angeweza kupigiwa simu. Ikakaa kigodani kwangu saa moja na dakika arobaini. Ikashuka naye. Simlaumu kijana, fomu yake ilikuwa na mistari ya majibu yangu, ya maswali yangu haikuwepo hata mmoja.

Na hayo maswali yenyewe. "Mkuu wa kaya ni nani?" Sisi Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Mume wangu amejenga kwenye shamba la ukoo wangu. Nikamuuliza: unataka mwenye shamba au mwenye suruali? Akacheka, kisha akaandika jina la mume wangu, kwa sababu ndivyo dodoso lilivyotungwa huko lilikotungwa. Halafu kuna umaskini wa dola. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Huenda wapo majirani zangu waliolala si mafukara wakaamka mafukara, na mbuzi ni wale wale.

Tena watafiti wote huja kati ya Juni na Septemba. Barabara kavu, kabeji zimefunga, sokoni Nyandira kumejaa. Sijamwona mtafiti mwezi Aprili, barabara ikiwa imemeguka na akiba ya ndani imebaki ya kuhesabu kwa vikombe.

Mtu asidhani haiwezekani kufanya vingine. Pale pale SUA kuna panya buku wanaofundishwa kunusa. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, linashirikiana na SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp, na lilihamishia kazi zake Morogoro mwaka 2000. Wengi wanamjua Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na Waingereza. Mimi nishani hainihusu. Kinachonigusa ni wale wanaonusa makohozi. Zahanati imepima kwa hadubini, imesema huna kifua kikuu. Panya anapewa sampuli ile ile anusie, akisimama juu yake, maabara inahakiki, na ikithibitika mgonjwa anatafutwa aanze dawa. Yaani makohozi ya mtu yanakwenda Morogoro na jibu lake linarudi kumtafuta mwenyewe. Sasa panya ameweza.

Ninaloomba si kubwa. Wanaotia saini hizo hati waweke kwenye bajeti siku moja ya kurudi kijijini, waseme walichokikuta, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano wa kijiji, siyo kwa mwenyekiti na mtendaji peke yao. Karatasi mbili zibandikwe ofisi ya kijiji. Na kila dodoso liwe na ukurasa wa mwisho ulio wangu: maswali matatu ya anayehojiwa, na namba ya simu ya mtaalamu atakayeyajibu ndani ya mwezi. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo hutoa vibali vya utafiti nchini. Naomba ilitazame hilo kama sharti. Gharama yake nadhani haifiki ya yale maua mezani, ukijumlisha na chakula cha mchana.

Wapo watakaosema mwanafunzi anatafuta shahada, hajaja kugawa ushauri. Ni kweli, na shahada yake nampa kwa moyo mweupe, hata mimi nina binti anayesoma. Lakini kwenye hati wameandika kupunguza umaskini, hawakuandika kuongeza shahada. Wangeandika hivyo ningewapikia tu chai nikanyamaza.

Dume jipya nimelipata Tchenzema, kwa kubadilishana na majike mawili ya mwaka mmoja. Lina pembe ndefu zilizopinda nyuma na tabia mbaya. Wiki iliyopita limenichania kitenge. Watafiti wa hati mpya wakija, karibuni. Waje Aprili, na mabuti ya mvua. Wakifika sokoni Nyandira waulizie mama mwenye dume la pembe, wataonyeshwa.

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa,
Mgeta, wilaya ya Mvomero