Shukrani kwa dada aliyeniinua sokoni, Kigoma

Nilianza kliniki nikiwa na kilo 98. Mtu mmoja pale kwenye mzani akacheka, "Huyu amebeba mapacha au magunia?" Nikarudi nyumbani nikaacha kula. Siku ya tatu kizunguzungu kikaniangusha sokoni Mwanga.

Dada aliyeniinua, kumbe ni muuguzi, alininunulia maji, akanikalisha. Hakunihubiria. Alichora duara nyuma ya daftari langu la kliniki: nusu mboga za majani, robo ugali, robo samaki (migebuka) au maharage. Akasema ujauzito si wakati wa kujikondesha. Kwa mwili kama wangu, kuongezeka kilo 5 hadi 9 hadi kujifungua kunatosha. Soda, chai ya sukari nyingi na maandazi ndivyo vya kupunguza, si milo yenyewe. Kisha akanipeleka kwa muuza mawese, akanionyesha: kijiko kimoja cha chakula, si upawa. (Mimi Muha, mawese nayapenda, hapo nilinuna kidogo.) Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe kuhakikisha nimepimwa sukari na presha.

Mwanangu ana wiki 6. Dada, jina sikuliuliza, duara lako bado liko ukutani jikoni. Nanyi wa kwenye mizani, semeni namba tu.