Waigizaji wanaoshika kamera

Habari zenu, wapenzi wa picha. Jumamosi tutamzungumzia Jeff Bridges, mwigizaji wa Marekani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipiga picha akiwa kazini, kati ya tukio moja na jingine. Hutumia Widelux, kamera ya picha inayotumia mkanda wa filamu, ambayo lenzi yake huzunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mtu akiwahi kukimbilia upande wa pili, anatokea mara mbili kwenye picha moja! Aliwapiga waigizaji wenzake hivyo: huku wanacheka, kule wanalia. Hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Muda ukiruhusu tutamgusia mwigizaji mwingine, Dennis Hopper, na picha zake za miaka ya 1960. Kila mmoja atume mapema picha moja aliyopiga kazini kwake, hata ya simu.