Malalamiko kuhusu ukaguzi na makabidhiano ya sedani mpya ya mwendo kasi

Meneja,
Huduma kwa Wateja na Mauzo ya Magari Mapya.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI JIPYA KUKABIDHIWA BILA KUKAMILISHWA UKAGUZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua kwenu, likiwa jipya, gari aina ya sedani ya milango minne yenye injini ya silinda sita na turbo mbili, giaboksi ya otomatiki ya gia nane, na nguvu inayokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Nakala za hati za mauzo zenye namba ya chasisi nimeziambatisha. Silalamikii gari lenyewe. Ninalalamikia hali ambayo lilikabidhiwa kwangu na, zaidi ya hapo, jibu moja ambalo watumishi wenu wamenipa karibu kila nilipouliza jambo, kwamba "ndivyo magari haya yalivyo."

Nianze kwa kulitendea gari haki, kwa sababu nisingependa barua hii isomwe kama ya mtu aliyejutia ununuzi wake. Injini ina zaidi ya nguvu za farasi 500, lakini kilichonivutia kuliko wingi huo ni utiifu wake: katika foleni gari hutambaa bila kushtuka, gia hubadilika bila mtu kuhisi, na abiria wa nyuma anaweza kusinzia. Barabara ikifunguka, ukiongeza mafuta kidogo tu, turbo hushika tangu chini, na kasi hupanda kabla sauti haijapanda. Usukani una uzito wa kutia imani, na breki hukamata mara tu mguu unapoigusa pedali. Sijapata kumiliki gari linalokusanya hivi utulivu wa gari la familia na ukali wa gari la mashindano, na waliolisanifu wanastahili pongezi ambazo naomba mzifikishe.

Kasoro ilijitokeza mahali pa kwanza penye lami isiyo laini. Gari liligonga kila kiungo cha barabara kana kwamba limewekwa juu ya magogo, na mtikisiko ukapanda kupitia kiti hadi kwenye meno. Nilibadilisha mpangilio wa shokapu kutoka ule wa michezo kwenda ule wa starehe, nikaurudisha, nikabadilisha tena, na tofauti sikuiona. Shokapu hizi ni za kielektroniki, na matangazo yenu yamezisifia kwa hilo hasa, kwamba gari moja huwa magari mawili kwa kubonyeza kitufe. Kisha mvua iliponyesha, taa ya mfumo wa kuzuia utelezi ikawa inamweka kwa kukanyaga mafuta kidogo sana, katika kona ambayo gari la kawaida lingeipita bila dereva kufikiri.

Nilipopiga simu, ofisa wa mauzo aliyenihudumia alinijibu kwa upole kwamba hilo ni gari la michezo, rimu zake ni kubwa na ubavu wa matairi yake ni mfupi, kwa hiyo lazima nitaisikia barabara. Kuhusu utelezi, akasema matairi mapya huwa na utelezi mpaka yachakae kidogo usoni. Na kwa ujumla, nitalizoea. Naomba ieleweke kwamba hakuna hata moja katika maneno hayo lililo la uongo. Maandishi 285/30 R20 yaliyo ubavuni mwa matairi ya nyuma maana yake ni tairi lenye upana wa milimita 285, ambalo ubavu wake ni asilimia 30 ya upana huo, kwenye rimu ya inchi 20. Yaani kati ya rimu na barabara kuna mpira wa kama milimita 85 tu. Uchache huo wa mpira ndio unaoufanya usukani ujibu haraka, na ndio pia unaoyafikisha mashimo mgongoni mwa dereva. Vilevile ni kweli kwamba tairi jipya linahitaji kilomita za mwanzo kabla halijashika vizuri. Hata hivyo, kweli hizo mbili zilitumika kufunika jambo la tatu ambalo mtumishi wenu hakujishughulisha kuliangalia.

Aliyeliangalia ni fundi wa matairi, tena si wa kwenu. Nilimwomba apime upepo tu. Kipimo chake kilisoma psi 50 katika magurudumu yote manne, ilhali kibandiko kilichomo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaagiza psi 35 mbele na 38 nyuma. Mfumo wa gari wa kufuatilia upepo haukuwasha taa yoyote, kwa kuwa kazi yake ni kuonya upepo unapopungua. Fundi akaniuliza ni nani aliyejaza, nikamweleza kwamba gari limetoka kwenu likiwa hivyo. Basi akalipandisha kwa jeki, akamulika tochi ndani ya springi za mbele, akaniita. Katikati ya mizunguko ya springi, kila upande, kulikuwa na kipande cha plastiki ngumu chekundu, kimebanwa barabara, kikiwa bado na vumbi jeupe la safari ya melini na alama ya mshale inayoonyesha upande wa kukivutia.

Bila shaka mafundi wenu wanavifahamu vipande hivyo. Huwekwa kiwandani ili springi zisibonyee gari linapofungwa kwa mikanda ndani ya meli na juu ya malori, na ili liinuke kidogo lisikwaruze bampa kwenye ngazi za kupakilia. Upepo mwingi nao huwekwa kwa sababu za namna hiyo hiyo, kwamba gari litakaa muda mrefu mahali pamoja na matairi yasipate ubapa upande wa chini. Vyote viwili ni vya safari, na vyote viwili huondolewa katika ukaguzi unaofanywa kabla ya kumkabidhi mteja gari. Mimi niliendesha gari ambalo springi zake za mbele zilikuwa zimefungwa kabari, na ambalo matairi yake, kwa kuvimba, yaligusa barabara zaidi kwa sehemu ya katikati kuliko kwa upana wake wote. Kwa hiyo suala hili halikomei kwenye starehe. Gari lenye nguvu kiasi hicho, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lilinyimwa sehemu ya mshiko wake na sehemu ya uwezo wake wa kusimama, kisha mwenye gari akaambiwa atalizoea.

Jambo linalonisumbua kuliko vipande vyenyewe ni fomu ya ukaguzi mliyonikabidhi pamoja na funguo. Nakala yake nimeiambatisha. Ina mistari mingi, na kila mstari una alama ya vema, zote za kalamu moja na za mkono mmoja ulioshuka kwa haraka kutoka juu hadi chini, kiasi kwamba alama za mwishoni mwa ukurasa zimekuwa mikwaruzo tu. Mmoja wa mistari hiyo unahusu kuondolewa kwa vizuizi vya usafirishaji, na mwingine unahusu upepo wa matairi kurekebishwa kulingana na kibandiko. Mistari yote miwili imewekewa vema, na chini kuna saini. Kama mistari hiyo miwili si ya kweli, sina msingi wa kuamini kwamba ya breki, ya oili na ya nati za magurudumu ni ya kweli.

Naomba nisieleweke kuwa kila kilichonishangaza katika gari hili nimekihesabu kuwa kosa lenu. Breki hulia asubuhi kabla hazijapata joto, na rimu hujaa vumbi jeusi upesi. Najua kwamba pedi zilizotengenezwa kuhimili joto kali ndivyo zinavyofanya. Nikikata usukani hadi mwisho katika maegesho wakati wa baridi, magurudumu ya mbele hurukaruka kidogo, na hilo nalo ni la kawaida kwa matairi mapana ya aina hii. Ofisa wenu alisifu sana mngurumo wa ekzosi, na hakutaja kwamba sehemu ya mngurumo unaosikika ndani ya gari hutoka kwenye spika. Nimeona kitufe cha kuuzima, nimeuzima, na gari linanipendeza zaidi hivyo. Hayo ndiyo mambo ambayo jibu la "ndivyo yalivyo" linayatosha.

Halitoshi, kwa mfano, kwenye suala la oili. Kitabu cha gari kinaagiza kwamba katika kilomita 2,000 za mwanzo dereva asiipandishe injini hadi mwisho wa mizunguko yake, abadilishe kasi mara kwa mara, na baada ya hapo alilete gari karakana ili oili ya injini na ya difa (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imwagwe na kuwekwa mpya. Sababu yake haihitaji uhandisi kuielewa: katika kipindi hicho ringi za pistoni zinajilaza kwenye kuta za silinda na meno ya difa yanazoeana, na chembe za chuma zinazosagika humo huingia katika oili. Nilipoomba kupangiwa nafasi ya huduma hiyo, karakana yenu ilinijibu kwamba injini za siku hizi hazihitaji mambo hayo na kwamba nirudi nitakapotakiwa na kompyuta ya gari. Huenda kwa magari mengine mnayouza jibu hilo linafaa. Kwa gari hili linapingana na kitabu mlichonipa ninyi wenyewe, na itakapotokea hitilafu ya injini au difa ndani ya muda wa dhamana, mtu wa kwanza kuulizwa kama huduma hiyo ilifanyika nitakuwa mimi.

Kuhusu mafuta, niliambiwa siku ya makabidhiano kwamba petroli ni petroli. Nyuma ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko kinachopendekeza oktani 98 na kuitaja 95 kuwa kiwango cha chini kabisa. Injini yenye turbo huibana hewa na mafuta kwa nguvu kubwa, na petroli yenye oktani ndogo inaweza kujiwasha yenyewe mahali pasipotakiwa ndani ya silinda; vihisi hutambua hali hiyo na kuchelewesha cheche ili injini isiumie, na gharama yake ni nguvu kupungua na mafuta kuliwa zaidi. Mteja aliyelipia injini ya aina hii alistahili kuelezwa hivyo, hata kwa sentensi moja.

Nimalizie orodha kwa jambo dogo. Gari halina tairi la akiba. Badala yake buti lina pampu na nafasi ya chupa ya dawa ya kuzibia pancha. Pampu ipo, lakini chupa haipo.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Vipande vya springi vimekwisha kuondolewa na upepo umerekebishwa, kwa hiyo gari limerudi kwenye kimo chake. Naomba karakana yenu ipime alaimenti (mnyooko wa magurudumu) upya, ikague shokapu na vikombe vya springi za mbele kama kuna alama za kubanwa au kupasuka, na ipime kina cha matairi katikati na pembeni, na endapo kuna ulaji usio sawa mnibadilishie matairi hayo. Naomba ukaguzi wote wa kabla ya makabidhiano urudiwe mbele yangu, mstari kwa mstari, na fomu mpya isainiwe na fundi aliyeufanya, huku ile ya awali ikibatilishwa kwa maandishi. Naomba huduma ya kilomita 2,000 ifanyike kama kitabu kinavyoagiza na iingizwe katika kumbukumbu za gari, na gharama yake muibebe ninyi, kwa kuwa nililiomba jambo hilo mapema nikakataliwa. Naomba barua itakayowekwa katika faili la dhamana, ikieleza kwamba gari liliendeshwa likiwa na vizuizi vya usafirishaji kwa sababu isiyotokana na mmiliki. Na chupa ya dawa iletwe.

Lipo ombi moja ambalo halinihusu mimi binafsi. Gari langu halikuja peke yake katika shehena ile. Niliyaona mengine yamepangwa uani kwenu siku nilipolichukua. Ikiwa fomu zake zilijazwa na mkono ule ule, basi kuna wateja wengine ambao wakati huu wanaambiwa kwamba gari la michezo lazima liwe gumu. Hao hawana sababu ya kuchungulia ndani ya springi. Naomba waitwe na magari yao yakaguliwe, na muanze na walionunua yale yenye nguvu kubwa.

Natarajia majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, yakitaja tarehe ya kulileta gari na jina la msimamizi atakayekuwepo. Mkiniandikia tena kwamba ndivyo magari haya yalivyo, nitaipeleka barua hii kwa watengenezaji pamoja na picha za vipande hivyo vikiwa bado ndani ya springi na nakala ya fomu yenye saini. Vipande vyenyewe ninavyo, na nitakuja navyo siku ya ukaguzi.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari husika

Viambatisho: hati za mauzo, fomu ya ukaguzi, picha za springi za mbele, na maelezo ya fundi wa matairi kuhusu vipimo vya upepo.