Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masoko: mwanangu hakuomba tiketi

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,
Kikosi cha Ngoma na Tarumbeta (jina unalijua),
Indiana.

KUH: PUNGUZO LA ASILIMIA 20 AMBALO SIKULIOMBA

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Natumai msimu umekwisha salama na vijana wamerudi kwao wazima. Mimi si mgeni kwako. Ni yule mama mwenye buibui uliyempa mkono mwezi wa Machi pale maktaba, akakuuliza swali, ukamwambia "swali zuri sana", kisha ukajibu jingine.

Naandika kwa Kiswahili, na naandika hadharani. Zile barua tatu za faragha niliziandika kwa Kiingereza, na kila moja ilijibiwa kabla chai yangu haijapoa: asante kwa kuwa shabiki wetu, pokea punguzo la asilimia 20 kwa tiketi za msimu ujao. Sikuwa nimeuliza tiketi. Nilikuwa nimeuliza hivi: binti yangu ana miaka 17, anapuliza melofoni, aanzie wapi ili aingie kikosini kwenu? Mara ya pili nilifupisha, nikidhani pengine nimejieleza vibaya. Asilimia 20. Mara ya tatu nililiweka swali peke yake bila hata salamu, jambo ambalo kwetu Mombasa ni utovu wa adabu. Asilimia 20, na kibandiko cha bure.

Ningenyamaza, kwa sababu nimezoea. Lakini Jumanne iliyopita nilirudi kutoka kazini asubuhi, zamu ya usiku, nikamkuta binti yangu mezani na simu mkononi, uji wake umeganda. "Mama, wamejibu." Safari hii barua ilikuwa na jina lake yeye, si langu. Alikuwa hajaifungua. Alikuwa ananingoja mimi tuifungue pamoja.

Tukaifungua. Ilisema: Ulikionaje kiti chako uwanjani? Tafadhali tupe nyota, kuanzia moja hadi tano.

Akacheka, Bwana Mkurugenzi. Ningetamani angelia, maana kicheko kile nakijua. Kisha akatoa nyota tano, kwa sababu kiti kweli kilikuwa kizuri, akabeba mkoba akaenda shule.

Kwa Waswahili wenzangu watakaoichungulia barua hii, nieleze kidogo tunagombania nini. Hapa Marekani kuna vikosi vya vijana vya gwaride la ngoma na tarumbeta. Ngoma, tarumbeta za kila aina, na bendera. Zumari na jamaa zake hazimo. Kikosi kinaweza kuwa na vijana hadi 165. Ukishatimiza miaka 22 mlango umefungwa, hata uwe fundi namna gani. Kiangazi kizima wanatembea kwa mabasi usiku, wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za mashule, asubuhi wanafanya mazoezi juani mpaka shingo zinababuka, jioni wanashindana uwanjani. Chama kinachosimamia mashindano makubwa, Drum Corps International, kiliundwa 1971, na fainali zake za kwanza zilichezwa 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Tangu 2009 fainali ziko hapa kwetu Indianapolis, Lucas Oil Stadium, mwezi wa Agosti. Mwanangu aliwasikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11, tumesimama nje ya uwanja tukingoja basi. Tangu siku hiyo sijalala mchana. Melofoni, kwa msioijua, ni tarumbeta yenye mdomo mpana kama sinia, na kuta za nyumba za kupanga hapa ni nyembamba.

Sasa nirudi kwako.

Matangazo yenu ni mazuri. Hilo nalisema bila kejeli, nitafika kwenye kejeli. Nimeona mabango, nimeona video: kijana yuko hewani, bendera imekunjuka nyuma yake, ngoma zinapasua kifua. Tangu 2004 mashindano haya yameingia mpaka kwenye majumba ya sinema, watu wanatazama na bisi mkononi. Mwisho wa kila tangazo macho yanashuka kwenye kitufe kimoja: nunua tiketi. Pembeni, duka la fulana. Chini yake, changia. Nimetafuta kwenye tovuti yenu neno la kumwambia mtoto "njoo nawe upulize", na nimelipata, liko baada ya wafadhili, baada ya fulana, maandishi madogo kama masharti ya mkopo. Nilipobonyeza likanipeleka kwenye ukurasa wa majaribio ya kujiunga ya mwaka juzi.

Na pale uwanjani mwezi uliopita, kwenye hema lenu, nilimuuliza kijana aliyekuwa anauza fulana: huyu binti anataka kujiunga, aende wapi? Masikini, alikuwa na adabu zake. Aliangalia huku na huku, akaniambia hajui, yeye ameajiriwa kwa siku tatu tu. Mahema ya kuuza yalikuwa mawili, Bwana Mkurugenzi. La kuandikisha halikuwapo hata moja.

Utaniambia vijana hamkosi. Hilo ni kweli kwa wakubwa. Blue Devils wa California au Bluecoats wa Ohio hawana shida hiyo. Wanaokuja kujaribiwa huko ni wengi kuliko nafasi. Lakini ninyi si Blue Devils, na nasema hivi kwa mapenzi. Alhamisi ya mchujo, mlipoingia uwanjani, binti yangu alianza kuhesabu. Ana tabia hiyo. Alihesabu safu za ngoma, safu za tarumbeta, wapeperusha bendera, akarudia mara mbili, akanishika mkono: "Mama, wako 121." Toa 121 kwenye 165. Nafasi 44 zilikuwa zinatembea tupu uwanjani, na nyuma yenu kwenye ule ubao mkubwa wa picha mnatuuzia viti!

Mimi si mtu wa masoko. Ninauguza wazee, ninawageuza ubavu na kuwaosha. Lakini hata muuza viazi karai wa Mwembe Tayari, kule Mombasa, anajua tofauti ya kukosa wateja na kukosa viazi.

Nikisema nakisia, naomba uniwie radhi, kwa kuwa hakuna aliyenieleza. Nakisia kwamba mtazamaji analipa leo, na kijana wa kujiunga ni kazi ya miezi: simu, mazoezi, mzazi mwenye maswali, ala ya kuazima. Nakisia pia kwamba mnategemea walimu wa bendi za mashule makubwa wawaletee watoto. Kule Carmel na Avon, jirani na Indianapolis, ambako bendi ya shule ni kama dini, mtoto huambiwa na mwalimu aliyepitia kikosini, au na kaka wa rafiki yake, kwamba majaribio ni mwezi fulani, jiandae na wimbo fulani. Habari zinapita mdomo kwa mdomo na haziuliziwi. Sisi wa mtaa wa Lafayette Road hatuna mdomo huo. Shule ya mwanangu ina mwalimu mmoja wa muziki anayegawanywa kama mkate, na melofoni mbili, moja valvu yake imekwama. Kwa hiyo tunachokipata sisi ni tangazo, na tangazo linatuambia tukae tutazame.

Vikosi hivi havikuanza hivyo. The Cadets, waliofunga milango 2024 baada ya miaka 90, walizaliwa 1934 kama watoto wa parokia moja ya Kikatoliki huko Garfield, New Jersey. The Cavaliers walitokana na skauti wa Chicago, 1948. Padre aliwaona watoto barabarani, au askari mstaafu wa vita alikuwa na ngoma ghalani, basi. Hakuna aliyeanza kwa kuwauliza watoto kiti kilikuwaje.

Na kwetu pia tunalijua jambo hili, usidhani tumelikuta Indiana. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Mombasa wakati wa beni, zile bendi za mitaa zilizoshindana kwa ngoma na tarumbeta na sare za kijeshi, Kingi upande huu, Skochi upande ule, watu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya gwaride. Alikuwa akitusimulia kwamba watoto walikuwa wanaifuata bendi nyuma, mtaa kwa mtaa, vumbi tupu. Ukifuata siku nyingi unapewa kubeba ngoma ya mtu. Ukibeba siku nyingi unapewa kuipiga. Hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yao ya masoko. Mimi nilikuwa nikidhani babu anatia chumvi. Siku hizi natamani awepo nimuombe namba ya simu ya mtu wa Kingi.

Kuhusu ada nitasema kidogo, maana nikianza sitaisha. Nimeambiwa, si nanyi bali na mama mmoja niliyemkuta kwenye foleni ya choo pale uwanjani, kwamba msimu mmoja unaweza kufika dola 5,000. Mimi nalipwa 17 kwa saa. Hizo ni kama saa 294 kabla ya kodi ya serikali, na wazee hawageuki wenyewe. Sijasema siwezi. Sijafika hata mahali pa kusema siwezi! Huyo mama alisema kuna misaada na kuna watoto wanaochangiwa. Pengine ni kweli. Mtu hawezi kuomba msaada wa ada ya mahali ambapo hajaonyeshwa mlango.

Nikukumbushe na la Machi. Ulisimama pale maktaba, una kile kishati cha rangi ya kikosi, ukasema mbele ya watu, nami nimeandika kwenye daftari la binti yangu, kwamba kabla shule hazijafungwa mtakuja mtaani kwetu na ala, watoto wazishike, wajaribu. Tukapiga makofi. Mzee mmoja Mkongo akasema ataleta viti. Shule zilifungwa Mei. Zimefunguliwa Agosti. Viti viko kwake hadi leo, vinanyeshewa.

Ninataka nini? Nilianza barua hii nikiwa na orodha. Nilitaka kila bango lenu liwe na mstari mmoja unaomwita mtoto kujiunga, kwa herufi sawa na za tiketi. Nilitaka hema la kuandikisha. Nilitaka mje Lafayette Road kama ulivyoahidi, hata na ngoma mbili tu. Nilitaka tarehe za majaribio zipelekwe kwenye shule zote, si zile zenye vikombe kwenye kabati. Nilitaka pia kuombwa radhi kwa ajili ya zile nyota tano, lakini hilo nimelifuta.

Nimebaki na moja, kwa kuwa majaribio ya vikosi huanza mwezi wa Novemba, na sasa ni Septemba, na mwanangu hatabaki kuwa na miaka 17. Nijibu lile swali la kwanza. Aanzie wapi? Siku gani, jengo gani, amuulize nani? Sentensi moja inatosha. Iandikwe na mtu, mwenye jina. Ikiwa jibu ni kwamba hafai, tuambieni hafai baada ya kumsikia. Lakini kwanza msikieni.

Na tafadhali, kwenye hilo jibu, msiambatanishe punguzo.

Wako mwaminifu,

Mama wa kiti namba 14

N.B. Zile namba tatu za punguzo nilimpa jirani yangu, yule mzee wa viti. Amenunua tiketi mbili za mwakani, yeye na mkewe, na ameniomba nimletee fulana.