Nimepungua mwili presha ikashuka, sasa pacha wangu anaitwa binti yangu

Shangazi, shikamoo. Sijui kama umenizidi umri au mimi ndiye nimekuzidi, ila anayeombwa ushauri huamkiwa. Na kwa sura niliyo nayo siku hizi, hata watu waliosoma darasa moja na mimi wananiamkia.

Nina miaka 47, naishi Kirumba hapa Mwanza, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni. Jina ni Kulwa, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa umeshajua kwamba kuna Doto. Sisi ni mapacha wa kufanana hasa. Mama alikuwa anamfunga mmoja wetu uzi mweusi mkononi ili asije akamnyonyesha mtu mmoja mara mbili mwingine akalala njaa, na shuleni kila mmoja alichapwa kwa makosa ya mwenzake. Tumekua pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, na baada ya watoto tukanenepa pamoja. Hakuna aliyetusema. Huku mwanamke akiwa bonge watu wanasema ametulia, mume anamtunza, biashara imekubali.

Kilichotutenganisha ni presha. Nilikuwa naumwa kichwa cha kisogoni, nikiinama naona nyota, na nyumba yetu iko juu mlimani kwenye mawe, kwa hiyo nikirudi sokoni nilikuwa nakaa kwenye kila jiwe nihemee. Kliniki wakanipima: 174 kwa 108. Uzito kilo 92, urefu sentimita 158. Daktari akachukua kilo zangu akazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, akapata karibu 37. Akanieleza kwamba inatakiwa kuanzia 18.5 isifike 25, na ukigonga 30 huo ni unene wa kupitiliza. Nikaandikiwa vidonge na kuambiwa nipunguze mwili, chumvi na mafuta.

Nikapunguza kweli, Shangazi. Soda nikaacha, vitumbua vya asubuhi nikaacha, ugali nikakata nusu nikaongeza mboga za majani, sato nikamla wa kuchemsha badala ya wa kukaanga. Nikienda mjini sipandi daladala, natembea. Leo nina kilo 66, presha inacheza kwenye 128 kwa 80, na daktari amenipunguzia dozi. Magoti yamenyamaza. Ule mlima sasa naupanda na ndoo ya maji kichwani huku naongea na simu.

Sasa njoo kwenye sura.

Mashavu yameingia ndani. Kuna mistari miwili inashuka kutoka puani hadi pembeni ya mdomo, zamani nilikuwa naiona nikicheka tu, siku hizi iko muda wote. Chini ya kidevu kuna ngozi inaning'inia, na nikiinama kuchambua dagaa naisikia inavyosogea. Gunia la dagaa ukilipunguza nusu linalala lenyewe, kitambaa hakipungui na mzigo. Na shingo yangu ndiyo iko hivyo. Muuguzi wa kliniki aliniambia ni kawaida: usoni chini ya ngozi kuna mafuta yanayoijaza sura, mwili ukipungua nayo yanapungua, na ngozi ya mtu wa umri wangu haina tena mnyumbuko wa kujirudi kama ya binti wa miaka 20. Nilimshukuru. Lakini maelezo hayakunipa mashavu.

Mteja wangu mmoja wa Kongo, anayekuja kuchukua mzigo mkubwa, alikuja siku moja akakuta nimekaa peke yangu. Akauliza, tena kwa heshima zote: "Mama, binti yako yuko wapi leo? Yule mnene anayecheka." Alikuwa anamuulizia Doto. Tumetofautiana dakika chache kuzaliwa, Shangazi! Nikamjibu kwamba ameenda dukani kwake, nikaendelea kumpimia dagaa. Ningebishana naye nini, na kwa kumtazama tu alikuwa na haki ya kuuliza?

La pili unalijua bila kuambiwa. Huku ziwani mwanamke akikonda, la kwanza linalosemwa ni kwamba amekanyaga miwaya, yaani ana virusi vya UKIMWI. Walianza majirani, ikafika kwa mawifi, wifi mmoja akaja nyumbani na mchele na mafuta ya kula kama anayekuja kumuona mgonjwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama "dawa" nazimeza kwa wakati. Nikamwambia ndiyo, za presha. Akatikisa kichwa kwa huruma. Mume wangu, Mungu ampe maisha marefu, alisema twende wote tukapime ili sote tuwe na amani, tukaenda, tuko salama. Ila majibu siwezi kuyabandika mlangoni. Na hata wanaoishi na virusi siku hizi wakimeza dawa vizuri wananawiri kuliko mimi, kwa hiyo hao wanaopima watu kwa macho sijui wanatumia kipimo gani.

Hayo yote ningeyavumilia. Sikukuandikia kwa sababu ya wifi.

Nimekuandikia kwa sababu ya Doto. Mwaka huu naye ameanza kuumwa kichwa kilekile cha kisogoni. Nilimkokota nikampeleka kupima, presha ikasoma 168 kwa 102, uzito kilo 95. Tukaambiwa yaleyale niliyoambiwa mimi. Njiani kurudi hakusema kitu. Tulipofika dukani kwake, anauza vitenge kule Makoroboi, akanigeuza nikatazama kioo alichowawekea wateja, akasimama pembeni yangu. Akasema: "Kulwa, tuangalie. Mimi nikifa nataka picha ya kwenye jeneza ipendeze." Kisha akacheka kile kicheko chake, na wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Tangu siku hiyo vidonge anameza akijisikia, akiona kichwa kimetulia anaacha. Kupungua hataki kusikia. Kila nikifungua mdomo ananionyesha kidole usoni. Mimi ndiye mtu wa karibu kabisa ambaye angeweza kumshawishi, damu moja, sura moja, na sura yangu ndiyo ushahidi anaoutumia kunikatalia.

Kibaya zaidi, ana wa kumtetea. Mtoto wake wa kiume anasomea uuguzi, na siku moja mezani akatuletea habari kwenye simu. Kuna madaktari wa upasuaji wa sura huko Marekani waliochapisha utafiti mwaka 2009. Walikuwa wamekwenda kwenye tamasha la mapacha linalofanyika Twinsburg, jimbo la Ohio, wakachukua taarifa na picha za mapacha wa kufanana, jozi 186, halafu watu wengine wakapewa picha wakadirie umri. Ikaonekana kwamba kwa mapacha walio chini ya miaka 40, yule mnene ndiye aliyeonekana mzee zaidi. Lakini wakishavuka 40 inageuka, mnene ndiye anayeonekana kijana. Doto alipiga meza. "Umesikia? Hata Wazungu wamepima!" Akaongeza kijiko cha wali.

Nilimuuliza yule kijana maswali. Hao waliokuwa wanaangalia picha, walipima presha ya mtu? Akasema hapana, walikadiria umri wa sura tu. Je, huo utafiti ulisema unene pekee ndio unaoamua? Akasoma tena, akakiri kwamba jua na sigara navyo vilikutwa vinazeesha. Basi nikamwambia aandike na haya. Mimi nimekaa juani miaka zaidi ya 20 nikianika na kugeuza dagaa, jua la huku Ikweta, tena kando ya maji yanayolirudisha usoni, na kofia sijawahi kuijua. Mama yako amekaa kivulini dukani anakunja vitenge. Mimi nimeng'oa magego ya chini, shavu la upande huo halina cha kuliegemeza. Yeye meno yote anayo. Kwa hiyo asiniambie kila mkunjo nilio nao umetokana na kilo nilizopunguza. Kijana alikubali. Mama yake alikuwa ameshahama mada.

Ila nitakuwa mkweli kwako. Nikilala usiku naujua ukweli kwamba mashavu yaliondoka na kilo, jua lilikuwepo hata nilipokuwa bonge na hakuna aliyeniita mama wa Doto.

Sasa wasaidizi hawakosekani. Sokoni kuna dada alinong'oneza kwamba anavyo vidonge vya kunenepesha, unakunywa wiki chache tu mashavu yanarudi duara. Nilivichukua nikaenda navyo duka la dawa kumuonyesha mfamasia kabla ya kuweka kinywani. Alivitazama akasema hivi ni deksamethasoni, ni dawa ya hospitali, ina kazi zake na mtu anaandikiwa na daktari. Ukiimeza kiholela uso unavimba ndiyo, lakini inapandisha presha na sukari, inadhoofisha mifupa, na ukishaizoea kisha ukaacha ghafla mwili unaweza kuishiwa nguvu kabisa kwa sababu umeacha kujitengenezea homoni yake. Yaani ningeirudisha ileile presha niliyoitoa kwa jasho. Mwingine akanishauri krimu ya kung'arisha, ile ya kuchanganyiwa kwenye kopo lisilo na lebo. Hiyo sikuhitaji mfamasia. Nimeona shingo za waliopaka mkorogo, na habari za zebaki ndani yake zimetangazwa redioni mpaka basi.

Wazo ambalo limenikaa kichwani ni jingine: nirudishe kilo kidogo. Siyo 92. Niseme kilo tano au sita, nifike 72, sura ijae kiasi, halafu nikasimame mbele ya Doto nimwambie unaona, inawezekana kupungua bila kuwa bibi. Muuguzi alinikatisha tamaa. Alisema mafuta hayapokei maelekezo, na kwa wanawake wa umri wetu tunaokaribia kukoma hedhi yanapenda kwenda tumboni kwanza, pale pabaya kwa presha na sukari. Ninaweza kurudisha kilo sita nikapata tumbo na shingo ikabaki ilivyo. Alinishauri nile dagaa na maharage vya kutosha, nifanye kazi za kuinua vitu vizito misuli isiishe, nivae kofia pana, na nikipata nafasi nikaweke meno. Kofia nimenunua. Wenzangu wananiita mtalii.

Kuna jambo la tarehe pia. Desemba binti wa Doto anafanyiwa send-off. Mimi ndiye mama mkubwa, nitakaa meza ya mbele, na Doto ameshanunua kitenge kimoja cha sisi wawili, mshono mmoja, kama tulivyofanya kwenye sherehe zote tangu ujana. Kwenye kitchen party ya jirani mwaka huu MC alitusimamisha akasema, "Mpigieni makofi mama na binti yake!" Ukumbi ukalipuka. Doto alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilitabasamu, na picha ninayo, kwenye tabasamu ndipo mistari inapoonekana zaidi. Sasa nawaza Desemba nivae tofauti, au nikae meza ya nyuma, au nimfuate MC mapema nimpe chake asitutaje. Lakini nikijificha, Doto atakuwa ameshinda kabisa. Atasema hata mwenyewe amejuta.

Na sijajuta, Shangazi. Hilo nalitaka ulielewe kabla hujachukua kalamu. Mama yetu alianguka akiwa na miaka 56, upande mmoja ukapooza, tukamuuguza kwa zamu mimi na Doto mpaka alipotutoka. Alikuwa mnene, sura nyororo, watu wote waliokuja msibani walisema hakufanana na umri wake. Doto alikuwepo, aliyasikia hayohayo. Nashindwa kuelewa inakuwaje yeye ameondoka pale na sifa ya sura, mimi nimeondoka na habari ya kitanda.

Tafadhali usinijibu kwamba uzuri ni wa moyoni. Huo nimeshaupata kwa wifi, pamoja na mchele. Nataka unisaidie mambo mawili ya kufanya. Hizo kilo, nirudishe kidogo na kubahatisha zitaenda wapi, au nibaki hapa na shingo yangu nizoee? Na Doto nimwendee vipi? Nimeshamsema kwa upole, nimeshamsema kwa ukali, hata utafiti wa mtoto wake nimeshaujibu. Habari ya mama sijaitumia. Kila nikitaka kuitaja koo linakauka, na naogopa nikiitaja vibaya atasema namtakia mabaya, halafu hata vile vidonge anavyomeza kwa kubahatisha ataviacha. Nimwite tuzungumze wawili, au nimpitie mume wake, ambaye yeye anampenda hivyohivyo bonge na huenda ndiye tatizo lenyewe?

Siku yake ya kurudi kliniki ni mwanzoni mwa mwezi ujao na ameshasema ana mzigo wa vitenge unaingia siku hiyo. Nijibu mapema kama unaweza.

Wako,
Kulwa, Kirumba, Mwanza